Shamba la Mkonge la Andros na Barua za Msimamizi

Vitabu vinavyosimulia maisha ya Neville Chamberlain, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia 1937 mpaka 1940, vyote vina sura moja inayofanana. Ni sura ya kisiwa cha Andros, katika visiwa vya Bahamas, ambako kijana huyo alikaa tangu 1891 mpaka 1897 akisimamia shamba la mkonge la baba yake. Baba alikuwa Birmingham na mwana alikuwa Andros, na kilichowaunganisha kilikuwa barua. Katika makala hii tunakusudia kuipima sura hiyo: namna ilivyoandikwa, nyaraka zilizotegemewa, na watu walioachwa nje ya mlango. Tunaileta katika jarida ambalo kwa kawaida hushughulika na Unguja, Pemba, Mrima na Oman kwa sababu iliyo wazi. Wengi wetu tuna majumbani masanduku yenye barua za namna ile ile, na sasa tumeanza kuzichapisha.

Kwanza kisa chenyewe, kwa mukhtasari. Joseph Chamberlain alijipatia utajiri katika biashara ya skrubu mjini Birmingham, akajitoa mwaka 1874 ili ashughulike na siasa. Kufikia 1890 fedha alizokuwa ameziweka katika hisa za Amerika ya Kusini zilikuwa zimeshuka sana thamani, na maisha ya siasa yalikuwa na gharama zake. Mwaka huo, akiwa safarini Kanada, alikutana Montreal na Sir Ambrose Shea, Gavana wa Bahamas, aliyekuwa akitafuta watu wenye mitaji waje kulima mkonge katika visiwa vyake. Mmea wenyewe ulikuwa umekwisha kuota huko kwa miaka mingi, na wenyeji wakiuhesabu gugu. Gavana aliona ndani ya gugu hilo kamba za meli na nyuzi za kufungia mavuno ya ngano, na bei ya nyuzi wakati ule ilikuwa nzuri.

Joseph akawatuma wanawe wawili, Austen na Neville, wakaangalie. Neville alikuwa na umri wa miaka 21. Mwaka uliofuata alirudi peke yake, akazunguka visiwa, akachagua Andros, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Bahamas. Eka 20,000 zikatengwa, na kampuni iliyoundwa ikaitwa Andros Fibre Company. Makao yakawekwa Mastic Point, upande wa kaskazini. Katika kilele cha kazi eka zipatazo 6,000 zilikuwa zimefyekwa na kupandwa, na watu wapatao 800 walikuwa wakipata ujira hapo. Palijengwa nyumba ya msimamizi, duka, gati na njia ndogo ya reli. Faida iliyotarajiwa ilikuwa asilimia 30. Lakini mwanzoni mwa 1896 mwana alilazimika kumwandikia baba kwamba mimea haikui. Mwaka uliofuata shamba lilifungwa, na hasara ya familia ilifika pauni 50,000.

Hayo ndiyo mambo ambayo waandishi wote wanakubaliana. Aliyetangulia kupewa karatasi za familia ni Keith Feiling, mwanahistoria wa Oxford, ambaye kitabu chake kilitoka 1946. Baada yake akaja David Dilks, ambaye juzuu yake ya 1984 inaishughulikia miaka ya Andros kwa urefu na utulivu mkubwa zaidi. Robert Self alitoa wasifu mwingine mwaka 2006. Upande wa baba, Peter Marsh aliandika mwaka 1994 juu ya Joseph kama mfanyabiashara aliyeingia siasa na tabia zake za biashara, na humo mkonge unaonekana kama mojawapo ya karata zake zilizokwenda kombo. Hawa ni waandishi wenye elimu na insafu, na si lengo letu kuwavunjia heshima. Karatasi walizozitumia, zilizohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, ni hazina. Kijana yule alikuwa na jicho la kuona na kalamu ya kueleza: ndege, mimea, mvua, upweke, kazi za mchana kutwa na vitabu vya usiku. Mwanahistoria akikutana na barua kama hizo hushukuru Mungu.

Taabu inaanzia hapo kwenye shukrani. Barua nzuri humvuta msomaji akaketi upande wa mwandishi wake. Barua za Andros ziliandikwa na msimamizi kwenda kwa mwenye mali, na tena ziliandikwa na mwana kwenda kwa baba aliyekuwa mtu mkubwa, mwenye matumaini makubwa na asiyezoea kushindwa. Kila jambo ndani yake limepitia katika chujio hilo. Msimamizi anaandika kile ambacho mwenye shamba anataka kujua: eka ngapi zimefyekwa, fedha kiasi gani zimetumika, robota la kwanza la katani litatoka lini. Mwana naye anaongeza kile ambacho mtoto hutaka baba akijue: kwamba anajitahidi, kwamba hajakata tamaa, kwamba kosa, kama lipo, ni lake. Mwisho wa kazi yote Neville alijilaumu, akaona kwamba mtu mwerevu kuliko yeye angeutambua mapema zaidi mwisho ambao ungefika.

Waandishi wa wasifu walilichukua swali hilo kama lilivyo. Kwao, Andros ni swali la tabia: je, kijana alikosea? Alijifunza nini? Miaka sita ya jua na mbu ilimtia ukakamavu, au ilimfundisha kushikilia jambo lililokwisha haribika kwa kudhani kwamba bidii itatosha? Majibu yao yanatofautiana, lakini swali ni moja.

Sisi tuliosomeshwa fiqhi kabla ya kusomeshwa historia tunalifahamu swali hilo kwa jina lake. Ni swali la kadhi anapoletewa shauri la wakala. Wakala ni mtu wa amana. Mali ikipotea mikononi mwake hailipi, ila ithibitike kwamba amevuka mpaka au amefanya taksiri. Kadhi anauliza: palikuwa na taksiri? Akisharidhika, shauri limekwisha. Ni swali la haki, na kati ya Joseph na mwanawe lilikuwa na mahali pake. Lakini shauri hilo lina watu wawili tu ndani yake. Ardhi haikuitwa kutoa ushahidi, wala wale 800 waliofyeka, wakapanda, wakakata majani na kubeba mizigo. Mwanahistoria akiridhika na swali la kadhi, atakuwa ameandika historia ya amana kati ya watu wawili na kuiita historia ya shamba.

Tuanze na ardhi. Andros ni kisiwa cha mawe ya chokaa, chenye udongo mwembamba uliokaa katika vishimo vya mawe. Mmea hupata nguvu mwanzoni kwa sababu ya ule udongo kidogo na majivu ya msitu uliochomwa, kisha mizizi hufika kwenye jiwe. Msomaji wa Unguja hahitaji kuelezwa zaidi. Aliyepita katika ardhi ya maweni, kusini na mashariki ya kisiwa, anajua kwa nini mashamba ya mikarafuu yalikwenda upande wa magharibi na kaskazini, na anajua kwamba bidii ya mwenye shamba haijapata kuligeuza jiwe kuwa udongo. Mkonge unavumilia ukame kuliko mkarafuu, ndiyo. Lakini kuvumilia ni jambo moja na kutoa jani refu lenye nyuzi za kuuzika ni jambo jingine. Juu ya hayo, bei ya nyuzi ilishuka katika miaka ya 1890, wakati shamba lilikuwa halijaanza kutoa mazao. Mkonge hungojewa miaka kadhaa kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na katika miaka hiyo mwenye shamba hutoa tu, hapokei. Bei ilikuja kupanda tena 1898, vita vya Marekani na Hispania vilipoivuruga biashara ya nyuzi za Manila kutoka Ufilipino. Shamba la Andros lilikuwa limekwisha fungwa.

Njia nzuri ya kulipima swali la tabia ni kuutazama mmea huo huo mahali pengine katika wakati huo huo. Mwaka 1893, Neville akiwa bado anafyeka msitu Andros, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida ipelekwe Tanga. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yalianza mashamba ya Kikogwe, karibu na Pangani, na kufikia 1913 Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa ikisafirisha katani zaidi ya tani 20,000 kwa mwaka. Hakuna mtu atakayesema kwamba Wajerumani wa Kikogwe walikuwa na tabia njema kuliko kijana wa Birmingham. Walikuwa na udongo, walikuwa na kampuni yenye mtaji wa kungoja, walikuwa na reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka huo huo wa 1893, na kuanzia 1898 walikuwa na kodi ya kibanda iliyowasukuma watu kutafuta ujira. Walikuwa pia na ardhi iliyopatikana baada ya vita. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyenyongwa Pangani mwezi wa Disemba 1889, alikuwa yeye mwenyewe mwenye shamba la miwa katika bonde lile. Ukiyajua hayo, swali kwamba Neville alikuwa na ukakamavu wa kutosha au hakuwa nao linapungua uzito.

Tanga inatufundisha jambo jingine pia. Lugha yetu imehifadhi neno kwa ajili ya watu waliokuja kutoka mbali kufanya kazi katika mashamba ya mkonge: manamba. Mtu alijulikana kwa namba yake, na siku zake za kazi ziliandikwa katika kipande. Neno lenyewe ni hukumu juu ya daftari. Wale watu 800 wa Andros, katika vitabu tunavyovizungumzia, ni manamba kwa maana hiyo hasa: wanatajwa kwa idadi ili tujue ukubwa wa kazi ya msimamizi. Wakitokea kwa sura zao, wanatokea kama waliomchosha au waliomfurahisha.

Na walikuwa watu wenye historia yao. Utumwa ulifutwa katika makoloni ya Uingereza 1834, na ule muda wa utumishi wa lazima uliofuata ulimalizika 1838. Kwa hiyo wengi wa waliofyeka kwa ajili ya Chamberlain walikuwa wana na wajukuu wa watumwa walioachwa huru. Kaskazini-magharibi ya kisiwa hicho hicho, mahali paitwapo Red Bays, walikuwapo watu ambao wazee wao walivuka bahari kutoka Florida, Waafrika walioishi pamoja na Waseminole wakakimbia ili wasirudishwe utumwani. Wanaume wa Andros walikuwa na kazi yao ya baharini, ya kuchuma sifongo, na wakilima vyakula katika vipande vya ardhi ambavyo aghlabu havikuwa na hati. Mtu wa namna hii hapokei ujira wa shamba kwa sababu hana jambo jingine la kufanya. Anapima. Akiacha kazi msimu wa sifongo, msimamizi anaandika kwamba watu hawa hawategemeki; naye mwenyewe, lau angeandika, angesema kwamba shamba ndilo lisilotegemeka.

Mtazamo huo haukukosa waandishi. Howard Johnson, katika kitabu chake cha 1996 juu ya Bahamas tangu utumwa mpaka utumishi, alionyesha jinsi mikopo na malipo ya bidhaa badala ya fedha taslimu yalivyowafunga watu waliokwisha kuwa huru kisheria. Michael Craton na Gail Saunders wakaandika juzuu mbili juu ya watu wa Bahamas, ya pili ikitoka 1998. Baada ya kuwasoma hawa, lile duka la Mastic Point, ambalo katika wasifu ni alama ya kijana mwenye kujituma, linaleta maswali mengine: nani alikuwa akiuza, kwa bei gani, na kwa deni la nani? Hatudai kwamba jibu lake ni baya. Tunadai kwamba swali halina budi kuulizwa, na kwamba Self, aliyeandika miaka kumi baada ya Johnson, alikuwa na nafasi ya kuliuliza.

Lipo jambo moja zaidi ambalo, kwa maoni yetu, lilistahili kurasa nyingi kuliko zilizopewa. Katikati ya mwaka 1895 Joseph Chamberlain aliteuliwa Waziri wa Makoloni, na Bahamas ilikuwa koloni. Kuanzia hapo mpaka 1897, mwenye shamba asiyekuwepo alikuwa ndiye waziri ambaye gavana wa visiwa vile aliwajibika kwake. Msimamizi wa Mastic Point hakuwa tena kijana wa Kiingereza tu. Alikuwa mtoto wa bwana mkubwa wa serikali nzima ya pale. Mfanyakazi mwenye malalamiko angeyapeleka wapi? Hakimu wa kisiwa angeamua vipi? Hatuna haja ya kumtuhumu Joseph kwa upendeleo ili tuone kwamba hali hiyo ilibadilisha uzito wa kila neno lililosemwa shambani. Waandishi wanaoshughulika na baba wanaieleza Wizara katika sura moja na mkonge katika sura nyingine, kana kwamba walikuwa watu wawili.

Kasoro hizi zina chanzo kimoja, nacho ni mwelekeo wa kusoma mambo kinyumenyume. Feiling alichapisha kitabu chake mwaka mmoja baada ya vita kumalizika. Kila msomaji wake alikuwa akifikiria Munich, 1938, mkataba na Hitler, na aibu iliyofuata. Mwandishi alikuwa na mzigo wa kumweleza mtu ambaye dunia ilikuwa imekwisha kumhukumu. Andros ikawa utangulizi wa Munich: wengine wakaiona ni mwanzo wa uvumilivu wake, wengine mwanzo wa ukaidi wake. Kisiwa kizima chenye watu wake kikafanywa chumba cha kungojea, ambamo mtu mmoja anasubiri kuitwa kwenye jambo kubwa litakalokuja baada ya miaka arubaini.

Sasa tujitazame sisi. Mashamba ya Unguja na Pemba nayo yalikuwa na wenyewe wasiokuwepo. Mwenye shamba aghlabu alikaa mjini, akenda shamba wakati wa mavuno ya karafuu. Wengine walikuwa na nyumba na mitende Oman na wakapitisha misimu huko. Shambani palikuwa na msimamizi, chini yake nokoa, na chini ya nokoa kadamu. Amri ya kufuta utumwa ilitolewa Unguja mwezi wa Aprili 1897, mwaka ule ule shamba la Andros lilipofungwa. Baada yake ilibidi yafanyike mapatano mapya na watu waliobakia juu ya ardhi: wapate mahali pa kujenga na kupanda muhogo kati ya mikarafuu, na wao wapalilie. Mapatano hayo mara nyingi yalifanywa na msimamizi kwa mdomo. Frederick Cooper aliyaeleza katika kitabu chake cha 1980 juu ya safari ya watu hao kutoka utumwa mpaka kuwa wakaazi wa mashamba, akitegemea zaidi nyaraka za serikali na mahakama. Barua za wasimamizi, zilizoandikwa kwa Kiarabu au kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, hazikuwa mikononi mwake. Zilikuwa, na bado ziko, mikononi mwa familia.

Zinapotoka sasa, zinatoka vipi? Tumezisoma makala na vitabu vingi vya kifamilia vilivyochapishwa Maskati, Dubai na Uingereza katika miaka ya karibuni. Vinatufurahisha, kwa sababu bila ya hivyo mengi yangepotea. Lakini vinafuata njia ya Feiling bila ya kumjua. Barua zinazochaguliwa ni zile zinazoonyesha ukarimu wa babu, uaminifu wa msimamizi, baraka ya mavuno. Zinazoachwa ni za madeni, magomvi ya mipaka, na malalamiko ya wachumaji juu ya pishi. Bei khiyari, ile ambayo mtu aliuza shamba kwa sharti la kulikomboa kwa muda maalumu ili akwepe riba na huku anapata fedha, haionekani kabisa, au inaonekana kwa neno moja: «mkopeshaji». Msomaji anabaki na picha ya mashamba yasiyo na deni, katika visiwa ambavyo deni la wenye mashamba lilikuwa kubwa kiasi cha serikali kutunga sheria ya kuzuia ardhi isihamishwe mwaka 1934.

Nasi pia tuna Munich yetu. Ni Januari 1964. Ardhi ilitaifishwa, ikagawiwa eka tatu tatu, na wengi katika wasomaji wa jarida hili walizaliwa ndani ya nyumba zilizopoteza kila kitu, na baadhi walipoteza watu. Hatusemi kwamba msiba huo usikumbukwe. Tunasema kwamba shamba la 1910 lilikuwa halijui habari za 1964. Tukilisoma kwa macho ya kupotea kwake, kila barua inageuka tanzia, kila mzee anakuwa mwema, na kila mfanyakazi anakuwa ama mwaminifu aliyelia tulipoondoka, ama mtu aliyengojea siku ya kuchukua panga. Watu waliopalilia kwa miaka hamsini kati ya hayo mawili wanatoweka. Na wanaotoweka ni watu wetu. Miongoni mwa wanaosoma kurasa hizi kuna wajukuu wa mwenye shamba na kuna wajukuu wa nokoa, na katika baadhi ya nyumba za Maskati mjukuu ni huyo huyo mmoja.

Huenda mtu akasema kwamba uzoefu huu ni wa zamani na si kosa la kizazi hiki. Ni kweli. Juhaynat al-Akhbar ya Sheikh Said bin Ali al-Mughairi ni kitabu kisichokosekana katika maktaba ya yeyote anayeshughulika na Zanzibar, lakini ni tarikhi ya masultani, makabila na watu mashuhuri, kwa sababu ndivyo tarikhi ilivyoandikwa. Seyyida Salme, katika kumbukumbu zake alizozichapisha Ujerumani 1886, anatuonyesha Kisimbani na Bububu kwa mapenzi ya mtu aliyeko mbali, na anatazama kutoka barazani. Hatuwezi kuwadai hao swali ambalo zama zao hazikuwauliza. Sisi tunadaiwa, kwa sababu tumekwisha kuulizwa.

Mwengine atasema: kila mtu aandike ya kwao, sisi tuandike ya familia zetu, nao wajukuu wa nokoa waandike ya kwao. Hoja hii ina sura ya uadilifu, lakini haina mizani. Nokoa hakuachiwa sanduku. Jina lake, siku zake za kazi, kipande cha muhogo alichopewa na sababu ya kunyang'anywa, vyote vimo katika daftari la mwenye shamba, na daftari hilo liko kwetu. Akitaka kuandika ya kwake atabisha mlango wetu. Vivyo hivyo mtu wa Andros akitaka kumjua babu yake aliyefanya kazi Mastic Point, mojawapo ya milango atakayobisha uko Birmingham. Anayeshika karatasi pekee za watu wawili hawezi kusema kwamba anashughulika na wake tu.

Kwa hiyo maombi yetu kwa familia, na kwa wahariri wa taasisi hii, ni mepesi. Barua za msimamizi zisichapishwe peke yake pale daftari la hesabu lipo. Ziwekwe pamoja, ili mavuno yasomwe na ujira, na ukarimu usomwe na deni. Majina ya manokoa, makadamu na wapaliliaji yachapishwe kama yalivyoandikwa, pamoja na makosa ya tahajia, wala yasifupishwe kwa maneno «na wafanyakazi wengine». Barua zenye aibu zisichomwe. Zikiwa na siri ya nyumba, ziwekwe chini ya sharti la muda, kama maktaba nyingi zinavyokubali. Hati za bei khiyari na za wakfu zipigwe picha zote, hata zile ambazo familia haikushinda kesi yake. Na mhariri anapoandika utangulizi, aseme barua imeandikwa na nani kwenda kwa nani, na mwandishi wake alikuwa na nini cha kuogopa.

Dilks, Self na wenzao walikuwa na sanduku moja zuri mno, na likawatosha. Masanduku yetu ni mabovu zaidi, yameliwa na mchwa, yamevuka bahari mara mbili, na nusu ya wino umekwisha kufifia. Lakini ndani yake mna daftari pamoja na barua, na wengi wa wanaoweza kuzisoma hati zile bado wako hai. Kazi ya kuziweka pamoja ianze sasa, wakati wasomaji wa khati hiyo bado wapo kutusaidia.